Barua ya wazi kwa wakuu wa nyaraka za taifa: orodha kwanza, masanduku baadaye

Kwa:
Wakuu wa nyaraka za taifa Nairobi, Dodoma na Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala,
pamoja na makatibu wakuu wa wizara mnazoripoti.

YAH: MAJALADA YALIYOHAMISHIWA UINGEREZA WAKATI WA UHURU

Waheshimiwa,

Madai ya kurudishiwa majalada yaliyochukuliwa na Waingereza yanakaribia umri wa uhuru wenyewe. Kenya iliyaomba mwaka 1967, ikakataliwa. Tangu hapo ombi hufufuliwa kila anapokuja mgeni mkubwa kutoka London, na hulazwa tena akishapanda ndege. Hatuandiki kuyapinga madai hayo, ni ya haki. Tunaandika kwa sababu kazi yenyewe imeanzwa miguu juu, kichwa chini. London ikijibu kesho kwamba sawa, njooni mchukue, ni ofisi ipi kati ya zenu iliyo tayari kuweka mezani orodha ya majalada inayoyadai, namba kwa namba, na kuonyesha kila moja lilitoka rafu gani? Bila orodha hiyo, tutapokea kile mwenzetu atakachoamua kutupa, tutapigwa picha na masanduku, na hatutajua kilichobaki.

Tuanze na jinsi yalivyoondoka, kwa sababu njia yaliyoondokea ndiyo njia ya kuyafuatilia.

Tarehe 3 Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alipeleka maagizo kwa magavana juu ya karatasi ambazo serikali za uhuru hazikupaswa kurithi. Makundi yalikuwa manne: zile zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au serikali nyingine, zinazoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au watu wengine kama wapasha habari wa polisi, zinazoweza kufichua vyanzo vya ujasusi, na zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyostahili. Kundi la mwisho lilikuwa gunia lisilojaa. Ofisa aliweza kutia humo chochote alichotaka.

Afrika Mashariki kazi hiyo ilijulikana kama Operesheni Legacy. Nchini Kenya karatasi ziligawanywa sehemu mbili. Za Legacy ziliruhusiwa kurithishwa. Za Watch zilipigwa muhuri wa herufi W, zikaruhusiwa kushikwa tu na ofisa aliyekuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Makarani Waafrika na Wahindi waliokuwa wakiendesha masijala kwa miaka mingi waliwekwa kando. Majalada ya Legacy hayakutakiwa kuwa na neno lolote linaloonyesha kwamba ya Watch yapo. Hata mihuri ya W yenyewe iliagizwa itunzwe mahali salama isionekane.

Kuna agizo moja tunaomba mlisome polepole, maana hoja nzima ya barua hii imelala juu yake. Jalada moja la Watch likitolewa katikati ya mfululizo wa majalada ya Legacy, iliagizwa litengenezwe jalada pacha, yaani jalada bandia, lichomekwe palepale lilipotoka. Pasipowezekana, mfululizo wote uondolewe. Kwa hiyo mfululizo unaoonekana mzima rafuni leo si ushahidi kwamba hakuna kilichochukuliwa. Mtunza nyaraka anayehesabu namba na kuridhika kwamba hakuna pengo anaweza kuwa amehesabu na pacha.

Yaliyohukumiwa kuharibiwa nayo yalikuwa na utaratibu. Yakichomwa, yawe majivu kabisa na majivu yasagwe. Yakizamishwa baharini, yafungwe kwenye makasha yenye uzito na kutupwa kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Uangalifu huo ulikuwa na historia. Delhi mwaka 1947 moshi wa majalada ulionekana na kila mtu na magazeti yakauandika. Kuala Lumpur, miaka kumi baadaye, karatasi zilipakiwa kwenye malori na kupelekwa hadi tanuri la jeshi la majini Singapore ili watu wa Malaya wasione. Ilipofika zamu yetu, uzoefu ulikuwepo.

Yaliyosafirishwa yakaishia Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali kaskazini ya London, yakakaa humo bila kuandikwa katika orodha yoyote ya umma. Kilichoyafichua ni kesi. Mwaka 2009 wazee wa Mau Mau, akiwemo Ndiku Mutua, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata kambini. Wanahistoria waliokuwa upande wao walionyesha, kwa kufuata rejea za barua zilizobaki, kwamba lazima kuna majalada mengine mahali fulani. Mwanzoni mwa 2011 ilibidi ikubaliwe: majalada 1,500 hivi ya Kenya, katika masanduku 300 hivi, na pamoja nayo ya makoloni mengine, jumla makoloni 37. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Tazameni vizuri kilichofanya kazi hapo. Hawakuyapata majalada kwa kudai heshima ya taifa. Waliyapata kwa kuonyesha rejea mahsusi ambazo upande wa pili haukuweza kuzikana.

Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013 majalada hayo yalihamishwa kwa mafungu hadi hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyopo Kew, yakapewa alama FCO 141. Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar zote zimo. Orodha yake iko wazi kwenye intaneti na yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Hiyo ni nusu ya orodha tunayoizungumzia. Nusu ya pili iko kwenu, na hiyo ndiyo haijaandikwa.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe mkanganyiko mmoja unaotuharibia hoja kila tunapokaa na Waingereza. Si kila karatasi ya Afrika Mashariki iliyoko Kew imeporwa. Barua ambazo gavana alimwandikia waziri wake London ni majalada ya London tangu siku ya kwanza, yenye alama CO ya Ofisi ya Makoloni: CO 533 kwa Kenya, CO 691 kwa Tanganyika, CO 536 kwa Uganda, CO 618 kwa Zanzibar, CO 822 kwa Afrika Mashariki kwa jumla. Hizo tunazihitaji kuzisoma, ila kuzidai kama mali yetu ni kumpa mwenzetu sababu ya kutupilia mbali barua yote. Zilizo zetu ni zile zilizotungwa na kutunzwa na serikali za huku: sekretarieti za Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe, ofisi ya Mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, majimbo na wilaya. Hizo zilipaswa kurithiwa kama zilivyorithiwa reli na majengo.

Na kuna shauri ambalo limetawanyika kiasi kwamba hakuna hifadhi moja inayoweza kulieleza peke yake. Chukueni ukanda wa pwani ya Kenya, ule wa maili kumi. Mei 1887 Sultani Barghash wa Zanzibar aliwapa watu wa William Mackinnon, mfanyabiashara wa Uingereza, haki ya kuuendesha na kukusanya ushuru wake. Septemba 1888 wakapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Biashara ikawashinda, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikawanunua kwa pauni 250,000. Bunge la London lilitoa 50,000 tu. Zile 200,000 zilitoka kwenye fedha za Zanzibar yenyewe, ambazo Ujerumani ilikuwa imezilipa mwaka 1890 kwa ajili ya pwani ya upande wa Tanganyika. Kisha Sultani akawekewa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya ukanda, na 6,000 riba ya asilimia tatu ya zile 200,000 zake. Ni kama mwenye nyumba aliyetoa pesa mfukoni kumwondoa mpangaji, kisha wakili wake akahamia ndani na kuanza kumlipa yeye kodi.

Mambo ya ardhi ya Lamu, Malindi na Mombasa, hadi kesi za maskwota wa leo, yanapita kwenye mlango huo wa 1895. Karatasi zake ziko wapi? Mawasiliano ya kibalozi yako Kew, katika FO 107 na FO 2, alama za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Karatasi za Mackinnon ziko chuo cha SOAS, London. Za upande wa Sultani na ubalozi ziko kwenye hifadhi ya Kilimani, Zanzibar. Hati za viwanja zilizotokana na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ziko upande wa Kenya. Na kwa miaka ya kabla ya hapo, kumbukeni kwamba kuanzia mwaka 1841 Atkins Hamerton alikuwa Zanzibar kwa kofia mbili, balozi wa London na wakala wa serikali ya Bombay, akiripoti pande zote mbili. Kwa hiyo sehemu ya historia ya Unguja imo kwenye hifadhi ya Mumbai. Mkienda Kew peke yake mtarudi na robo ya habari, nayo imeandikwa na upande mmoja.

Sasa kazi yenyewe.

Anzeni na masijala. Jalada la sekretarieti lilikuwa na namba, jina, upande wa madokezo na upande wa barua. Kila barua ilipewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kila dokezo lilitaja folio linayoijibu. Sekretarieti ya Dar es Salaam ilitumia namba za mfululizo ambazo nyingi ni za tarakimu tano. Pamoja na majalada yalikuwepo madaftari ya masijala, kadi za faharasa, na madaftari ya barua zinazoingia na kutoka. Hivyo vitabu ndivyo vya kutafuta kwanza, na kwa kawaida ndivyo vilivyodharauliwa kuliko vyote: haviombwi na wasomaji, havina mvuto, na vimewekwa chini kabisa ambako maji hufika. Kila namba iliyomo kwenye daftari la masijala iingizwe kwenye jedwali la kompyuta: namba, jina, mwaka wa kufunguliwa, na kama jalada lipo rafuni.

Vitabu vya masijala vikiwa vimepotea, kazi haikwami, ila inakuwa ndefu. Fungueni majalada yaliyobaki na kuandika kila namba ya jalada jingine inayotajwa ndani ya madokezo. Majalada huitana. Jalada la mifugo litataja la magereza, la magereza litataja la kazi. Namba inayotajwa mara nyingi na majalada mengi, lakini haipo rafuni wala haimo kwenye orodha ya uharibifu, ndiyo ya kuwekewa alama nyekundu.

Nairobi kuna ugumu wa ziada. Hifadhi iliyapanga majalada kwa alama za ofisi iliyoyakabidhi, PC kwa majimbo, DC kwa wilaya, na namba ya zamani ikabaki juu ya jalada lenyewe. Anayeingiza orodha aandike namba zote mbili. Akiandika ya hifadhi peke yake, kulinganisha na Kew hakutawezekana, kwa kuwa Kew, palipo na namba ya zamani, inaonyesha ile ya masijala ya kikoloni na wala si ya kwenu.

Halafu wilaya. Waraka wa sekretarieti ulipelekwa nakala kwa wakuu wa majimbo na wa wilaya. Nakala ya Nairobi ikichukuliwa, ya Kitui au Lamu inaweza kuwa bado imo kwenye jalada la mkuu wa wilaya, tena wakati mwingine ikiwa na maoni yake pembeni ambayo ya Nairobi haina. Taarifa za makabidhiano kati ya ofisa anayeondoka na anayeingia ni hazina ya aina yake, kwa sababu humo mtu alimweleza mwenzake mambo ambayo asingeyaweka kwenye ripoti ya mwaka. Tanzania mna vitabu vya wilaya. Visomwe kwa jicho hilo.

Majalada pacha yatafutwe kwa dalili. Jalada jembamba kupita kiasi kwa shauri ambalo majalada jirani yanalitaja kila mara. Folio zinazoanzia katikati. Madokezo ya miaka kadhaa yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Gamba jipya kuliko karatasi zilizomo. Dalili moja haitoshi kutoa hukumu, kwa sababu masijala ilikuwa na sababu halali za kufungua juzuu jipya au kubadilisha gamba lililochakaa. Zikikutana tatu, liwekeeni jalada hilo alama.

Baada ya hapo pakueni orodha ya FCO 141 na kuilinganisha na jedwali lenu. Kila namba itaangukia katika moja ya hali nne: ipo kwetu, ipo Kew, ina hati ya kuharibiwa, au haijulikani ilipo. Hiyo ya nne ndiyo orodha ya madai. Tunasisitiza kwa sababu mazungumzo yote hadi leo yamekuwa juu ya hali ya pili, ile ambayo Waingereza wamekwisha kuikubali.

Kuhusu sheria hatutakaa sana. Mkataba wa Vienna wa 1983 juu ya urithi wa mali, nyaraka na madeni ya mataifa haujaanza kutumika na Uingereza si mwanachama. Wanasheria wa serikali wasitumie mwaka mzima kuuchambua. Chombo chenye meno ni Sheria ya Uhuru wa Habari ya Uingereza ya mwaka 2000. Mtu yeyote, wa nchi yoyote, anaweza kuitumia kwa barua pepe ya kawaida. Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi, na kwa nyaraka zilizofungwa ambazo zimekwisha kuhamishiwa Kew huongezwa siku 10. Kosa la kawaida ni kuomba kwa jumla: “nyaraka zote za hali ya hatari Kenya”. Ombi la namna hiyo hukataliwa kwa sababu ya gharama. Ombeni jalada moja kwa namba, au folio zilizozuiwa ndani ya jalada linalotajwa. Namba mtaipata wapi? Kwenye jedwali lile.

Nakala za kidijitali sasa, maana hapa ndipo fedha hupotelea. Tunajua wapo wanaosema kupokea nakala ni kuuza haki ya asili. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kifungu kimoja kwenye makubaliano: kupokea nakala hakufuti wala hakupunguzi dai la majalada yenyewe. Kiandikwe, kisainiwe, kazi iendelee. Mwaka 2022 Kew iliyaondoa majalada ya FCO 141 mezani kwa muda kwa hofu ya dawa za wadudu zilizopigwa zamani kwenye karatasi. Wasomaji waliokuwa wamekata tiketi za ndege walikuta mlango umefungwa. Kitu kilichopo mahali pamoja tu, bila nakala, kinaweza kufungwa kwa sababu isiyo na hila yoyote.

(Na dawa hizo huenda zilipigwa huku kabla majalada hayajaondoka. Ndugu zao bado wako kwenye rafu zenu. Glavu za nitrili, barakoa na madirisha yanayofunguka si anasa ya wageni.)

Hesabu ni hii. Karatasi ya fulskepu ina inchi 8 kwa 13. Ikipigwa kwa nukta 400 kwa inchi, rangi kamili, bila kubanwa, picha moja ni megabaiti 50 hivi. Tukichukulia majalada 1,500 ya Kenya yana wastani wa kurasa 150, ni picha 225,000, sawa na terabaiti 11 na robo. Nakala tatu, mbili katika miji tofauti na moja nje ya mtandao, ni terabaiti 34. Kituo kimoja chenye kamera ya juu na watu wawili, kikitoa picha 600 kwa siku, kitamaliza baada ya siku 375 za kazi. Vituo vinne, chini ya siku 100. Huu ni mradi wa ukubwa wa kawaida kabisa. Hauhitaji kongamano la wafadhili.

Kinachoharibu miradi hii mara nyingi ni mambo madogo. Kupiga picha nyeusi na nyeupe ili kuokoa nafasi: mihuri na wino wa rangi hupotea, na rangi ndiyo inayosema nani aliandika nini. Kuacha kurasa tupu na magamba: gamba lina namba ya zamani, tarehe za kutumwa na sahihi za waliolishika, na folio inayokosekana haiwezi kuthibitishwa kama kurasa hazikupigwa zote kwa mfuatano. Kutofungua kamba ya jalada: maandishi ya ukingoni humezwa na kivuli, na ukingoni ndiko wakubwa walikoandika maoni yao. Kutaja mafaili ya picha kwa namba za kamera: baada ya miezi sita hakuna ajuaye picha ni ya jalada lipi. Kila picha iitwe kwa alama ya hifadhi, namba ya jalada na namba ya mfululizo, iwekwe rula na kadi ya rangi mwanzoni mwa kila jalada, na kila faili litengenezewe alama ya uhakiki ya SHA-256 siku hiyohiyo. Alama hizo zihakikiwe kila mwaka. Diski huoza kimya kimya, na asiyehakiki hugundua siku ya kuhitaji.

Kompyuta isitegemewe kusoma yote. Kurasa zilizopigwa taipu zitasomeka vizuri. Nakala hafifu za kaboni zitasomeka nusu. Madokezo ya mkono yatahitaji mtu. Tengeni bajeti ya watu, na muhtasari wa kila jalada uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Mkipsigis wa Kericho anayedai ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya chai, au mtu wa Siu anayefuatilia kiwanja cha babu yake, asilazimike kuajiri mtafsiri ili ajue jalada linahusu nini.

Msikubali pia mkataba unaompa mtu wa tatu haki ya kipekee juu ya picha, hata akijitolea kulipia kazi yote. Majalada ya FCO 141 ni hakimiliki ya dola ya Uingereza na leseni yake ya wazi inaruhusu kunakili na kutumia upya. Yeyote anayetaka kuzifunga picha nyuma ya malipo anawauzia kitu ambacho tayari ni cha bure. Msomaji wa kawaida anaruhusiwa kupiga picha kwa kamera yake katika chumba cha kusomea Kew bila malipo. Watumishi wenu wawili wenye orodha nzuri, wakiwekwa pale miezi mitatu, wataleta mengi kuliko ujumbe wa watu ishirini kwa wiki moja.

Kama mnataka mfano wa nchi iliyofanya hivyo, tazameni Ghuba. Qatar haikungoja kurudishiwa chochote. Ilikubaliana na Maktaba ya Uingereza kupiga picha kumbukumbu za Ofisi ya India zinazohusu Ghuba, zikiwemo za uwakala wa Kiingereza wa Bushire, bandari ya Uajemi, na tangu 2014 zimekuwa wazi kwenye intaneti zenye maelezo kwa Kiarabu na Kiingereza. Msomaji wa Muscat mwenye jamaa Zanzibar anaweza kusoma leo barua za wakala wa Kiingereza wa Bushire akiwa kwake, na hawezi kusoma za Mwakilishi wa Kiingereza wa Zanzibar. Dodoma kwa upande wenu mna wepesi ambao Nairobi haina: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa, baadaye Umoja wa Mataifa. Kumbukumbu za Geneva zimewekwa zote kwenye intaneti, na malalamiko yaliyopelekwa New York, pamoja na yale ya Wameru wa Engare Nanyuki aliyoyawakilisha Kirilo Japhet mwaka 1952, yamo kwenye nyaraka za Baraza la Udhamini. Hakuna gavana aliyeweza kuyapigia hayo muhuri wa W.

Limebaki jambo gumu, nalo ni majina. Ndani ya majalada haya mna orodha za wapasha habari, maungamo yaliyotolewa chini ya kipigo, na tuhuma ambazo hazikuthibitishwa. Wajukuu wa mtuhumiwa na wa mtoa habari wanachota maji kisima kimoja. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zitatumika kama kisingizio cha kufunga kila kitu msipojiandaa. Pendekezo letu: orodha iwe wazi asilimia mia, bila jalada kufichwa. Picha ziwe wazi isipokuwa kurasa zenye majina ya aina hiyo, ambazo zisomwe chumbani kwa kujiandikisha. Kila ukurasa uliozuiwa uonekane kwenye orodha kwamba upo, umezuiwa kwa kifungu kipi, na utafunguliwa mwaka gani. Kuficha karatasi kunaweza kuwa na sababu. Kuficha kwamba karatasi ipo ndiko walikokufanya Hanslope Park.

Tunaomba basi mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wenu bila kungoja kikao cha mawaziri. Kila ofisi itaje kwa umma ndani ya siku 60 madaftari ya masijala ya kikoloni iliyonayo, ya miaka ipi, na yako katika hali gani. Ofisi nne zikubaliane muundo mmoja wa jedwali, ili jalada la Nairobi linalotaja la Entebbe au Unguja lionekane pande zote. Majalada ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki hayakujua mipaka hii yetu. Na orodha ya hali ya nne, ile ya majalada yasiyojulikana yalipo, itolewe kwenye intaneti jinsi inavyokua, hata ikiwa na namba hamsini tu kwa kuanzia. Wapo watafiti, wastaafu wa masijala na wanafunzi watakaoisaidia kukua, ikiwa wataiona.

Wenu katika kazi,

Watumiaji wa hifadhi za nyaraka

Nakala kwa:
Kamati za bunge zinazosimamia utamaduni na utumishi wa umma, Nairobi, Dodoma na Kampala
Baraza la Wawakilishi, Zanzibar
Tume ya Taifa ya Ardhi, Nairobi
Hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew